Gari Likitetema Baada ya Kutoka Gereji: Mafunzo Niliyopata Goma

Gari bovu linalotetema linaeleweka. Linaloumiza kichwa ni lile lililokwisha kutengenezwa, likalipiwa, likarudi barabarani, na bado sakafu inavuma chini ya miguu. Hapo mwenye gari ametoa pesa, fundi ametoa jasho, na kila anayepanda ana jibu lake: ni tairi, ni difu, ni uzee wa gari.

Langu ni Toyota Prado la mwaka 1998, la dizeli, gia tano za mkono, magurudumu yote manne yakivuta muda wote. Goma kuna magari mengi ya rika hilo, yaliyotumika Japani kwanza kabla ya kutufikia, usukani ukiwa kulia ilhali Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Lilikuwa likigonga “ko!” kila lilipotiwa gia. Gereji moja ikabadilisha krosi mbili (viungo vinavyopinda) za kardani ya nyuma, yaani ile shafti ndefu inayotoa nguvu mbele na kuifikisha kwenye difu. Mlio ukaisha siku ileile. Ukaja mtetemo ambao haukuwepo, mzito kati ya kilomita 70 na 85 kwa saa. Gereji ikasema ni tairi, zikabalansiwa. Ikasema ni beringi za magurudumu ya nyuma, zikanunuliwa mpya. Ikasema ni mpira unaobeba giaboksi. Mtetemo ukabaki palepale. Mengi ya yafuatayo niliyapata kwa fundi mmoja mzee wa upande wa Ndosho, aliyekubali kulianza jambo hili upya.

1. Mtetemo uandikwe kabla spana haijaguswa

“Papa, inaanzaka ku kilomita ngapi?” Hilo ndilo swali lake la kwanza, na hakufungua boneti mpaka lilipojibiwa. Yakafuata mengine. Unaanza kasi gani na unapotea kasi gani? Unazidi ukikanyaga mafuta, au ukiachia? Unausikia mikononi au kwenye kiti? Unakuja ukishika breki? Gari likisimama na injini inanguruma, upo? Na la mwisho: ulianza baada ya kazi gani?

Kila jibu linafunga mlango mmoja. Mtetemo uliopo gari likiwa limesimama hauwezi kutoka kwenye magurudumu wala kardani, kwa kuwa havizunguki. Mwulize mtu wa injini, au angalia mipira inayoibeba. Ule unaotikisa usukani mara nyingi hutoka magurudumu ya mbele. Wa kwenye kiti na sakafu hutoka nyuma au katikati. Unaokuja kwa breki peke yake ni wa diski au ngoma. Unaozidi ukikanyaga na kulegea ukiachia unahusu kitu kinachobeba nguvu ya injini: krosi, pembe ya kardani, au ekseli za mbele na viungo vyake. Usiojali mguu wako uko wapi, unaofuata kasi tu, mwanzie kwenye magurudumu.

Langu lilitikisa kiti, lilizidi nikikanyaga, na lilikuwa kimya kabisa likiwa limesimama. Kwa maelezo hayo matatu, beringi za magurudumu zilikuwa zimeshashuka chini kabisa kwenye orodha ya washukiwa, na zilikuwa zimeshalipiwa.

2. Kila kinachozunguka kina hesabu yake

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Chora alama ya chaki kwenye tairi, usukume gari mpaka alama irudi chini, upime umbali. Tairi zangu, 265/70 za rimu ya 16, zinatoa karibu mita 2.4 kila mzunguko. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 na kidogo kwa sekunde. Gawanya: gurudumu linazunguka kama mara 9 kila sekunde. Tetemeko la mara 9 kwa sekunde mwili unalitambua; ni mtikiso, karibu uweze kuuhesabu, na maji kwenye chupa yanacheza.

Kardani inazunguka kwa kasi zaidi, kwa kiwango cha uwiano wa difu. Tuseme uwiano ni 4.1: mara 9 na ushei inakuwa mara 38 kwa sekunde. Huo si mtikiso tena, ni uvumi unaopanda kutoka sakafuni na kufanya meno yako yasitulie. Krosi yenye kasoro ya pembe hutetema mara mbili kila mzunguko wa kardani, kwa hiyo unafika 76, na hapo unausikia kwa masikio kuliko kwa mwili.

Siku hizi simu nyingi zina kipima mtikisiko ndani, na kuna programu za bure zinazoonyesha idadi ya mitetemo kwa sekunde. Iweke sakafuni karibu na kiti, abiria akiishikilia hapo, dereva aangalie barabara. Yangu ilionyesha kilele karibu na 76, na kingine kidogo karibu na 9. Hicho cha pili tutakirudia.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa kwamba tetemeko lina habari ndani yake. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo, na wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma walikuwa wakisoma mitikisiko hiyo kwenye vyombo vyao kujua magma inaelekea wapi. Hawakuupasua mlima kuangalia ndani. Gari nalo linastahili kusomwa hivyohivyo kabla ya kupasuliwa.

3. Gia ya nne inaficha ushahidi

Kwenye giaboksi nyingi za gia tano, gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, kardani nayo mara moja. Ukipima ukiwa kwenye gia hiyo, huwezi kutenganisha injini na kardani, kwa sababu zote mbili ziko kwenye karibu mizunguko 2,280 kwa dakika gari likienda kilomita 80 kwa saa. Rudia kwa kasi ileile ukiwa gia ya tano, kisha ya tatu kama injini inavumilia. Mtetemo ukibaki kwenye kasi ileile ya gari, injini haihusiki. Ukihama, umeshapata jibu lingine.

Kwenye lami tambarare isiyo na watu unaweza pia kutoa gia na kuliacha gari liteleze. Injini usiizime kamwe wakati huo. Ukiizima, usukani unakuwa mzito na breki inapoteza msaada wake. Kupata kipande cha namna hiyo mjini kwetu si rahisi. Mimi nilitoka alfajiri kwenye lami ya kuelekea Sake, kabla pikipiki na chukudu za mbao za kubebea mizigo hazijajaa njia.

4. Anza na tope

Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na mitaa mingi ilijengwa upya juu ya mawe yale meusi. Mawe hayo ni makali. Yanapinda rimu upande wa ndani, pale ambapo hakuna anayetazama, na yanang'oa vipande vya risasi vilivyobandikwa na fundi wa balansi. Mvua ikinyesha, tope jeusi linaingia ndani ya rimu na kukauka upande mmoja. Tope kidogo tu linatosha kutikisa usukani. Kwa hiyo osha ndani ya rimu kwa brashi kwanza. Ni kazi ya maji na dakika chache. Chunguza pia kardani yenyewe: inaweza kuwa imepigwa na jiwe ikabonyea, au kipande cha chuma cha kusawazisha kilichochomelewa juu yake kimedondoka na kuacha doa safi la mstatili.

Ukiliinua gari, weka ubao mpana chini ya jeki. Changarawe ya lava inabingirika, na jeki iliyosimama juu yake peke yake haifai kutegemewa na mtu aliye chini ya gari.

5. Kilichofunguliwa mwisho kishukiwe kwanza

Mtetemo wangu ulizaliwa siku kardani ilipotolewa. Tairi, beringi na mpira wa giaboksi vilikuwa kwenye gari wiki iliyotangulia, na sikuwa nikihisi mtetemo. Mantiki hii ni nyepesi mno, lakini fundi akishamaliza kazi yake moyo unamwambia kwamba pale pameshapona, na anatafuta ugonjwa mahali pengine.

Mzee wa Ndosho alilala chini ya gari na taa yake, akatazama uma za kardani, zile ncha mbili zinazoshika krosi, moja mbele, moja nyuma. Akaniita nilale naye. Uma ya mbele ilikuwa imelala, ya nyuma imesimama wima.

Maana yake ni hii. Krosi moja inayofanya kazi kwenye pembe haipitishi mzunguko kwa usawa. Upande wa pili unaharakisha kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili kila mzunguko. Mwingereza Robert Hooke alilichunguza jambo hili katika karne ya 17, muda mrefu kabla ya gari lolote. Kwa pembe ya digrii 3 tofauti hiyo haifiki hata asilimia 0.2 juu au chini. Kwa digrii 10 inafika asilimia 1.5 juu na asilimia 1.5 chini, na kwa shafti inayozunguka mara 38 kwa sekunde hilo ni pigo kubwa. Ndiyo maana kardani ina krosi mbili. Ya pili inawekwa ili ifute kosa la ya kwanza: inapochelewa moja, nyingine inaharakisha. Lakini inafuta pale tu uma zote mbili zikilala kwenye mstari mmoja. Zikiwekwa tofauti kwa robo mzunguko, krosi ya pili haifuti tena, inaongeza.

Kardani ya Prado hii ina sehemu yenye meno inayorefuka na kufupika springi zinapopanda na kushuka. Ukiitoa garini inaweza kuachana vipande viwili, na meno yale yanakubali kuingia tena kwa namna yoyote. Hakuna kinachokwama, hakuna mlio wa onyo. Aliyeirudisha hakuwa ameweka alama kabla ya kuichomoa.

Dawa yake ni rangi. Mstari mmoja kwenye meno, kipande hadi kipande, mstari mwingine kwenye flanji ya difu na ya kardani, mwingine mbele. Rangi ya kucha inatosha, au hata patasi yenye ncha kwa alama ndogo. Kuna magari machache ambayo kiwanda kiliweka uma za kardani zikiwa zimepishana kwa makusudi, kwa hiyo alama za kabla ya kufungua zina thamani kuliko kanuni ya kichwani.

Alipoifungua akatazama na krosi zenyewe. Ndani ya kila kikombe cha krosi kuna vijisindano vyembamba vya chuma. Wakati wa kupigilia, kimoja kikianguka kikalala chini ya kikombe, krosi inasogea kutoka katikati, na kardani inazunguka ikiwa imeegemea upande. Vilevile kikombe kikibanwa mno, kiungo kinakuwa kigumu mahali fulani pa mzunguko. Jaribio lake ni la mkono: krosi nzima inapinda pande zote kwa ulaini mmoja, bila kulegea na bila kukwama. Zangu zilikuwa sawa. Uma zilinyooshwa, meno yakatiwa grisi, kardani ikarudi.

Uvumi wa 76 ulipungua sana. Haukuisha.

6. Gari lililoinuliwa linadai pembe zake

Tunayainua magari yetu kwa sababu ya mawe. Spesa chini ya springi, springi ngumu zaidi, na gari linapita pale ambapo lingekwaruza. Hiyo ni haki yetu, kwa barabara tulizo nazo. Ila sehemu ya nyuma ikipanda, kardani inateremka kwa mwinuko mkubwa zaidi, na pua ya difu inabadili uelekeo wake. Krosi mbili zinafutiana kosa pale pembe ya mbele na ya nyuma zinapolingana. Zikitofautiana, kuna kinachobaki.

Kuna njia rahisi ya kujua, na haihitaji chombo. Pakia magunia machache ya makaa nyuma, gari lishuke, urudi kwenye lami ileile kwa kasi ileile. Mtetemo wangu ulipungua tena. Basi pembe ilikuwa na sehemu yake. Spesa za nyuma zilizokuwa zimewekwa na mwenye gari wa kabla yangu zikatolewa, zikawekwa nyembamba.

7. Ondoa kipande, usiongeze

Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne kuna uchunguzi mzuri kuliko kununua chochote. Fungua kardani ya mbele, itoe kabisa, funga difu ya kati, uendeshe kwa nguvu ya nyuma peke yake. Mtetemo ukitoweka, mkosaji umemshika mkononi. Ukibaki vilevile, umeiondolea lawama kardani ya mbele bila kutoa hata faranga moja kwa vipuri.

Tahadhari moja ni lazima. Kardani moja ikiwa imetolewa na difu ya kati haijafungwa, kuliacha gari kwenye gia hakulizuii kubingirika. Mitaa yetu ina miteremko. Weka jiwe kubwa kila gurudumu, breki ya mkono ikiwa juu.

Kwa kardani isiyo na usawa wa uzito, mafundi wa zamani hutumia klipu za chuma za kubania mipira ya maji. Unaifunga moja karibu na ncha ya nyuma, unaendesha, unaizungusha robo, unaendesha tena, mpaka upate mahali ambapo uvumi ni mdogo kabisa. Ni kazi ya uvumilivu, na inasaidia pale ambapo mashine ya kubalansi kardani haipatikani.

8. Mitetemo inaweza kuwa miwili

Kile kilele kidogo cha 9 kwenye simu kilikuwa tairi. Hili lilinifundisha kutomdharau aliyesema “tairi” tangu mwanzo. Alikuwa na sehemu ya ukweli, ila si ile iliyokuwa ikinitesa. Mitetemo miwili ikikutana, kuondoa mmoja kunaufanya mwingine usikike vizuri zaidi, na mtu huamini kwamba kazi yote imekwenda bure.

Tairi zilikuwa zimebalansiwa vizuri. Balansi hupima uzito. Haikwambii kwamba tairi si duara. Inua gurudumu, simamisha kijiti karibu na uso wa tairi, lizungushe taratibu kwa mkono, tazama nafasi kati ya kijiti na tairi. Ya nyuma kushoto ilikuwa ikisogea mbele na nyuma waziwazi. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana. Tairi nyingi za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, hufika zikiwa na sura nzuri na umri mkubwa. Ubavuni, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zisome kabla ya kutoa pesa, hata muuzaji akisema ni mpya.

9. Mlipe fundi muda wa kufikiri

Nimeliweka hili nyuma ya yote kwa sababu ndilo ninaloliamini zaidi. Goma tunamlipa fundi kwa kipande alichobadilisha. Akikaa saa mbili akipima, akilala chini ya gari, akienda nasi barabarani na kurudi, kisha akasema “kaza bolti hizi”, tunampa pesa ya soda. Akibadilisha beringi ambazo hazikuwa na kosa, tunamlipa bila kubisha, kwa sababu tumeona kitu kipya kikiingia na cha zamani kikitoka. Kwa malipo ya namna hiyo, fundi anayefikiri atalala njaa na anayekisia atajenga nyumba. Siwezi kumlaumu anayekisia kabla sijaubadili mfuko wangu mwenyewe.

Na kukisia kuna hatari. Krosi iliyowekwa vibaya inakula vikombe vyake, na kardani inayokatika upande wa mbele inaweza kuchomeka ardhini gari likiwa mwendoni. Tarehe 27 Mei 2021, mitaa mingi ya mji ilipoamriwa kuhama kwa hofu ya volkano ileile, watu waliondoka kwa wingi kuelekea Sake na kuvuka kwenda Rwanda, familia nzima zikiwa ndani ya magari ya umri huu. Gari hapa si starehe. Kuna siku ndilo linalobeba mama, watoto na magodoro, na siku hiyo hakuna muda wa kurudi gereji.

Mzee wa Ndosho alikuwa na masharti yake, nami nayatumia sasa kwa fundi yeyote. Saa za uchunguzi zinalipwa kando, kipuri kinunuliwe au kisinunuliwe. Mafuta ya majaribio ya barabarani ni ya mwenye gari. Kitu kimoja kinabadilishwa kwa wakati mmoja, kisha gari linaendeshwa kwa kasi ileile, njia ileile, kabla ya kugusa kingine. Kipande cha zamani kinarudishwa kwa mwenyewe akione. Bolti za kardani zinakazwa tena baada ya kilomita mia chache. Bei ya saa hizo tuliipatana kabla jeki haijapanda, na ilikuwa ndogo kuliko bei ya zile beringi mbili za magurudumu ya nyuma.